Sekunde Kumi na Moja, Usiziguse

Mji ule haukujua kusubiri. Madereva wake walipigia honi hata gari la maiti, na waenda kwa miguu walikatiza barabara kama wanaopita sebuleni kwao. Ndiyo maana Nukta, aliposimama kwenye makutano ya kumi na saba saa nne na robo asubuhi, alishusha daftari lake na kubaki ameduwaa.

Taa za magari zilikuwa nyekundu pande zote nne. Umati uliotoka kituo cha mabasi ulikuwa umekwisha kuvuka, hadi mama wa mwisho mwenye mifuko mitatu. Barabara ilibaki tupu, na hakuna aliyepiga honi. Muuza magazeti aliacha kunadi katikati ya neno. Pikipiki zilitulia. Mamia ya watu walisimama ukingoni wakitazama lami, na ungemuuliza mmoja wao anatazama nini, asingekujibu.

Nukta alikuwa na sababu ya kuwa pale. Ofisi yake ndiyo iliyoendesha mataa yote ya mji, na yeye ndiye aliyetunza mafaili yenye sekunde za kila taa. Jina lenyewe la Nukta alibandikwa na wenzake, kwa kuwa angeweza kushinda hadi mchana akiwinda nukta moja iliyopotea. Siku hiyo alivaa sketi ya buluu iliyonyooshwa pasi ikanyooka, blauzi ya njano, na miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Alikuja kuziona kwa macho yake sekunde kumi na moja ambazo zilimsumbua kwa miaka miwili.

Akaanza kuhesabu. Alipofika nne akajiambia, barabara tupu, nangoja nini mimi? Akanyanyua mguu.

Mkono ukamdaka kiwiko.

"Subiri, dada. Mwache apite."

"Nani?"

Ulikuwa mkono wa mwanamume. Alikuwa mrefu, shati jeupe lenye mikono iliyokunjwa vizuri, kitambaa cha kufutia vioo kimening'inia mfukoni. Macho yake yalifuata kitu polepole, kutoka kushoto kwenda kulia. Hapo Nukta akasikia. Tok. Tok. Tok. Fimbo ikigonga lami, bila haraka, ikipita mbele yake kabisa mahali pasipo na mtu. Ikafika ng'ambo, mbele ya duka la miwani lililofungwa, ikanyamaza. Taa zikageuka kijani, honi zikalipuka, na mji ukarudia ukichaa wake.

"Umeniumiza mkono," alisema Nukta. Nywele za kisogoni zilikuwa zimemsimama.

"Samahani. Lakini wewe nawe, umefunga macho yako kwa waya, utaona wapi pa kukanyaga?"

"Waya huu una adabu kuliko mkono wako."

Mwanamume akacheka, na kicheko kile, Nukta alikiri baadaye, kilimfikia mahali ambapo hakukuwa na ulinzi. "Mimi ni fundi miwani. Duka ndilo lile. Nafungua saa nne na nusu. Njoo nikutoe hiyo aibu."

"Mbona usifungue sasa? Ufunguo si huo mkononi?"

Fundi aliutazama ufunguo kama aliyekabidhiwa na mtu mwingine. "Saa nne na nusu," alirudia, na hakucheka tena.

*

Dukani kulikuwa na droo ndogo ndogo hadi darini, ubao wa herufi ukutani, na nyuma ya meza kiti cha henzirani. Nukta alitaka kukikalia.

"Hicho hapana," fundi alisema upesi, akamletea stuli.

Miwani ilichukua dakika kumi kutengenezwa, lakini mazungumzo yalichukua saa mbili, na kesho yake Nukta akagundua kwamba kioo kina doa. Keshokutwa kikawa na doa jingine. Baada ya wiki hakuhitaji tena madoa.

"Haloo, macho manne," fundi alimpigia jioni.

"Sema, mnoa vioo."

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Basi utakonda, baba, maana naikata sasa hivi nikalale."

Haikukatwa. Shangazi wa Nukta, aliyemlea na ambaye bado aliishi naye, alipita na ndoo akasema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya simu, "Hiyo simu itaota mizizi sikioni! Mwambie aje nimwone, au ni sauti tupu isiyo na miguu?"

Nukta alicheka, ila neno lile lilimpitia mgongoni kama maji baridi.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia fundi. Kabla hajampenda, alikuwa ameshampenda mtu mwingine ambaye hakuwahi kumwona. Mafaili ya mataa ni orodha za makutano na tarakimu, na mashine husoma tarakimu hizo tu. Lakini binadamu anaweza kuandika pembeni, kwenye mstari unaoanza na alama ya reli (#), na mashine huuruka mstari huo bila kuutazama. Fundi wa mataa aliyekuwepo kabla ya Nukta aliacha mistari arobaini ya namna hiyo. Makutano ya tisa: *Kitambuzi cha hapa hudhani mkokoteni ni basi. Msameheni.* Makutano ya ishirini na tatu: *Nyekundu hii ni ndefu. Nimeifupisha mara tatu, nikajuta mara nne.* Aliacha nafasi tupu kati ya mtaa na mtaa kama anayepumua, na mahali pamoja mstari wake uliyumba, umeingia ndani nafasi tatu zaidi ya wenzake. Nukta aliyasoma maneno yale kila akila chakula cha mchana, kama barua zake. Na kwenye makutano ya kumi na saba palikuwa na haya: *Saa nne na robo, ongeza sekunde kumi na moja. Usiziguse. Anavuka.*

Siku moja ya mvua, duka likiwa halina wateja, fundi akamwambia bila kuulizwa.

"Duka hili lilikuwa la mama. Aliishi ng'ambo ya barabara, akija kulifungua kila siku saa nne na robo, na mguu wake ulikuwa mbovu. Taa ilikuwa inamgeukia katikati. Mimi nilikuwa nafanya kazi ya mataa wakati ule. Nikampima kwa saa, mara nyingi, bila yeye kujua. Alihitaji sekunde kumi na moja zaidi. Nikampa. Nikaandika pembeni, usiziguse, anavuka."

Kikombe kilimponyoka Nukta, chai ikammwagikia sketi.

"Ni wewe!"

"Ni mimi nini?"

"Mkokoteni na basi! Kujuta mara nne! Ni wewe uliyeniandikia!"

Ilibidi amweleze yote, yeye ni nani na anatunza nini, na fundi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha machozi yakaendelea na kicheko kikakoma.

"Mama alifariki kitandani kwake, miaka mitano sasa. Nilimzika kwa mikono yangu. Siku ya nne nikasimama pale nje saa nne na robo, nikaona watu wanampisha. Nikaacha kazi, nikachukua duka. Kila siku anavuka, anakuja hadi mlangoni, basi. Anaishia pale."

"Na wewe unakuwa ng'ambo, na ufunguo mkononi."

"Naogopa," fundi alisema. Hakuona haya kulisema. "Mama yangu mwenyewe, na namwogopa. Nukta, usimwambie mtu ofisini. Watazitoa zile sekunde."

"Hakuna atakayezigusa," Nukta alisema, akaushika mkono wake. "Nakuapia."

*

Haraka haina baraka, na haraka ya mapenzi ndiyo mbaya kuliko zote. Alhamisi moja Mkuu wa kitengo, mwanamume mnene mwenye tai fupi, aliagiza taa zote zilizo karibu na shule ziongezwe sekunde tatu. Makutano arobaini na moja. Kwa mkono ilikuwa kazi ya siku mbili, na siku hiyo saa kumi jioni fundi alikuwa anakuja kujitambulisha kwa shangazi. Nukta tayari alikuwa amevaa gauni la zambarau kwa ajili ya shughuli hiyo.

Akaandika programu fupi. Ilisoma faili lote, ikabadilisha tarakimu, ikaliandika faili upya tangu mwanzo hadi mwisho. Akalinganisha tarakimu, zote sahihi. Akazima mashine, akapaka wanja, akaondoka.

Lakini programu ya namna ile huandika upya kile ilichokielewa tu. Ilichokiruka haikijui. Mistari arobaini ya pembeni ilibaki hewani, nafasi tupu zikafungwa, mtaa ukabanana na mtaa, na ule mstari ulioyumba haukuwepo tena. Na Nukta, mwinda nukta, siku hiyo hakulifungua faili kulitazama.

Shangazi alimpenda fundi kupita kiasi. "Ana miguu kumbe!" alisema, akamwongezea chai.

Zikapita siku kumi. Jumatatu Nukta aliomba ruhusa ampeleke shangazi hospitali kwa ajili ya goti. Walikuwa kwenye benchi la foleni saa nne na dakika ishirini, simu ikaita.

"Umefanya nini?" Ilikuwa sauti ya fundi, lakini imekauka.

"Mpenzi, kuna nini?"

"Taa imegeuka mapema. Lori limeondoka, likafunga breki mpaka matairi yakapiga kelele. Dereva ameshuka anatazama chini ya lori lake, ameshika kichwa. Hakuna kitu, Nukta. Hakuna kitu, na fimbo imenyamaza katikati ya barabara."

"Mimi sijagusa…"

"Nilimwambia mtu mmoja tu duniani. Mmoja!" Pumzi yake ilisikika. "Usinipigie tena."

Shangazi, ambaye masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote, alisimama na goti lake. "Nenda kazini. Mimi nitajikokota. Nenda, mwanangu."

*

Mkuu hakuwa na hatia kubwa. Asubuhi ile alilipitia faili, akakuta sekunde kumi na moja zimekaa pekee bila maelezo, akaona ni kosa, akazitoa.

"Zingekuwa na maana, mngeandika pembeni," alisema.

Nukta alilifungua faili. Lilikuwa safi, limepangika, limenyooka kama kitanda cha wageni, na hakuna mtu ndani yake. Akatafuta nakala ya akiba. Ofisi ilihifadhi nakala za siku saba, na yeye aliharibu siku kumi na moja zilizopita. Zote saba zilikuwa safi vilevile. Alilia pale pale mezani, gauni la kazi likapata matone ya wanja.

Alimpigia fundi mara kumi na tisa. Hakupokea.

Jumanne, saa nne na robo, taa za makutano ya kumi na saba zikageuka kijani na magari hayakwenda. Dakika nne nzima. Jumatano, dakika tisa. Madereva walikaa wamekamata usukani, jasho likiwatiririka, na waenda kwa miguu walisimama ukingoni bila kusema neno, mpaka foleni ikafika hospitali. Waliohojiwa walisema waliona kijani. Walipoulizwa kwa nini hawakuondoka, walitazama viatu vyao.

Alhamisi Mkuu alisema, "Upuuzi!" akaenda na gari lake mwenyewe. Alirudi saa tano na nusu, tai imelegea, akaketi kwenye kiti cha Nukta badala ya chake.

"Mguu umekataa," alisema taratibu. "Niliona kijani, nikataka kukanyaga. Nikajiuliza, nikanyage nimkanyage nani?" Alijifuta uso. "Rudisha zile sekunde. Na usiniulize kitu."

Kurudisha tarakimu ilikuwa kazi ya dakika moja. Nukta hakuridhika nayo. Aliandika programu nyingine, yenye kugusa kinachotakiwa pekee: inaitafuta tarakimu ilipo, inaitoa, inaweka nyingine palepale, na kila kitu kingine inakiacha kilivyo, kama mtu anayebadilisha balbu bila kuhamisha samani. Kisha akafumba macho na kuanza kumkumbuka mwandishi wake. Mkokoteni na basi. Kujuta mara nne. Neno kwa neno, nafasi tupu kwa nafasi tupu. Alishinda kutwa mbili hivyo. Mistari arobaini ilirudi, na hata mmoja hakuutilia shaka.

*

Jumamosi, saa nne na dakika tano, alimkuta fundi ukingoni mwa makutano, mahali pake pa kila siku. Alikuwa amekonda. Shati halikuwa limepigwa pasi.

"Sikuja kubembeleza," Nukta alisema, ingawa sauti yake ilibembeleza tu. "Sikumwambia mtu. Nilifanya kosa baya zaidi. Niliyafuta maneno yako kwa uzembe, na sekunde zikabaki bila wa kuzitetea. Siku ile nilikuwa nakimbilia kwako."

Akafungua kompyuta ndogo, akamwekea mikononi. Fundi alisoma kwa kukunja uso. Halafu taratibu. Kidole chake kilisimama mahali ambapo mstari uliingia ndani nafasi tatu zaidi.

"Hili ni kosa langu," alisema. "Siku hiyo mama alikuwa ananisemesha kwenye simu."

"Najua kwamba ni kosa. Lilikuwa pale. Nimelirudisha."

Fundi alinyanyua macho. "Watu wananipenda kwa yale yaliyonyooka," alisema. "Wewe umeenda kuokota hadi hili."

"Hakuna lako ninalotaka kulinyoosha, bwana wee. Sasa nipe ufunguo."

"Wa nini?"

"Miaka mitano mama anafika mlangoni anakuta pamefungwa, na ufunguo wake unao wewe. Angeingiaje?"

Alivuka mbio kabla woga haujamwahi, fundi nyuma yake. Akafungua kufuli, wakaingia. Ndani palikuwa na ubaridi, na mamia ya miwani yaliwatazama kutoka kwenye rafu. Nje taa zikawa nyekundu pande zote. Mji ukanyamaza.

Tok.

Ilianzia katikati ya barabara, mahali iliponyamaza Jumatatu. Tok. Tok. Nukta alisogea mlangoni. Fundi alimshika bega, na mkono wake ulikuwa wa barafu. Tok. Ikapanda ukingo. Ikasimama nje ya mlango.

Nukta akauvuta mlango wote.

Palikuwa na jua, na kizingiti, na hakuna mtu. Upepo ulioingia ulinukia sabuni ya kufulia na dawa ya kuchua goti.

"Shikamoo, mama," Nukta alisema. Akasogea kando kumpisha. "Karibu ndani. Tumechelewa kukufungulia, tusamehe."

Kitambo kidogo. Kisha tok, ndani ya chumba. Tok, ikiwapita, karibu mno hata upindo wa sketi yake ulisogea. Ikazunguka meza. Na kiti cha henzirani kikalia, kile kilio kirefu cha kiti kinachompokea mwenyewe.

Fundi alipiga magoti chini, akalia kama mtoto. Nukta aliketi sakafuni kando yake, akamfuta kwa kile kitambaa cha vioo, wala hakuna aliyetazama saa.

*

Jumatatu iliyofuata, saa nne na robo, taa zilisimama nyekundu kwa sekunde kumi na moja, na kwa mara ya kwanza madereva walipiga honi zote kwa pamoja. Muuza magazeti hakuacha kunadi. Mtu mmoja alimtukana baba wa aliyezitega zile taa. Fundi alisikiliza kelele ile mlangoni pa duka lake, lililokuwa wazi tangu saa tatu, na uso wake ulikuwa mwepesi.

Nukta alikuja mchana na kompyuta yake.

"Zitoe," fundi alisema. "Mama hazihitaji tena."

Programu yake mpya ikaifanyia kazi tarakimu moja. Kumi na moja ikawa sifuri, na hakuna kingine kilichotikisika. *Usiziguse. Anavuka.* Maneno yalibaki palepale.

"Nipishe kidogo," fundi alisema. Akaandika kwa vidole viwili, polepole, akauficha mstari kwa kiganja hadi alipomaliza. Ulikuwa umeingia ndani nafasi tatu zaidi ya unavyotakiwa. Baada ya alama ya reli aliandika:

*Amefika. Mkwe wake alimfungulia mlango.*

Nukta alisoma mara mbili. Nyuma yao kiti cha henzirani kililia kidogo, kama mtu anayeegemea mbele asikie vizuri.

"Mkwe yupi?"

"Ninaye mmoja tu, kama atakubali." Alikuwa hawezi kumtazama. "Mashine itauruka huo mstari. Wewe je?"

"Mimi sijawahi kuruka mstari wako hata mmoja," Nukta alisema.

Mkono wake ulikwenda kwenye zile nafasi tatu, kwa mazoea ya kazi. Akaurudisha, akaziacha zilivyo, akalihifadhi faili.